Njia ya Kwenda Wodi ya Watoto

Kila asubuhi, kabla hata ya kuvua sweta, Chiriku alikuwa na kazi moja aliyoipenda kuliko zote. Aliweka chupa ya chai pembeni mwa meza, akafuta vumbi la skrini kwa ncha ya leso, kisha akaanza kubisha hodi kwenye wodi za hospitali, moja baada ya nyingine. Hakuondoka kitini. Aliandika amri fupi kwenye kompyuta, pakiti ndogo ya ujumbe ikatoka ofisini kwa njia ya mtandao, ikapita ukutani na darini, ikafika wodini, na mashine ya huko ikaitika: nipo. Wodi ya wazazi, nipo. Wodi ya wanaume, nipo. Chumba cha upasuaji, nipo. Famasi, ambayo siku zote ilichelewa kidogo kama mtu anayejinyoosha kitandani, nipo. Chai haikumiminwa mpaka zote ziwe zimeitika.

Asubuhi ile ya Jumatatu, wodi ya watoto haikuitika.

Alibisha tena. Kimya. Akabisha mara nyingine, safari hii uso ameusogeza karibu na skrini kana kwamba wodi ilikuwa imeitika kwa sauti ndogo na yeye hakusikia. Hapo simu ya mezani ikalia. Alikuwa sista mkuu wa wodi ya watoto, mama ambaye akiwa na hasira hana muda wa salamu, akitaka kujua majibu ya vipimo yamekwama wapi. Skrini yake, alisema, ni nyeupe kama shuka tangu alfajiri, na kuna mama amepakata mtoto mwenye homa anamwuliza kila akipita. Chiriku alijibu kwa sauti ya chini kwamba wanalishughulikia. Sista akamwambia aseme tena, hajasikia kitu.

Hilo la kutosikika ndilo lililompa jina. Alipewa chuoni, kwa dhihaka, maana katika bweni zima hapakuwa na msichana mkimya kama yeye. Mwalimu akimwuliza swali alimeza mate kwanza, na jibu alilijua, ila lilikwama njiani. Aliyembandika jina la Chiriku ni msichana wa kitanda cha juu yake, ambaye naye bweni lilimwita Tarumbeta, kwa sababu akicheka, jengo la pili walijua kuna jambo. Chiriku na Tarumbeta walisoma mtandao wa kompyuta pamoja, wakafeli somo moja pamoja, wakalirudia pamoja. Likizo moja Tarumbeta akaja kukaa nyumbani kwa akina Chiriku. Akaonana na kaka yake Chiriku, na yaliyofuata yakawa harusi.

Sasa Tarumbeta alikuwa wifi yake. Walilala nyumba moja, wakafanya kazi ofisi moja, kitengo cha kompyuta cha hospitali ile, meza zao zikitazamana. Na hawakuwa wakiongea.

Hawakugombana. Wangegombana ingekuwa afadhali, maana ugomvi una siku ulipoanza. Hili lao lilikuja polepole kama unyevu ukutani. Tangu harusi, yule aliyemwita Chiriku alianza kumwita wifi, kwa heshima zote. Mbele ya mama mkwe hakucheka. Akiingia chumbani kwake alifunga mlango, na Chiriku akipita ukumbini alisikia mazungumzo ya ndani yakishushwa sauti. Pale ofisini wenzao waliufanyia mzaha ule ukimya. Mtandao ukisuasua walisema leo wifi haishiki. Chiriku alitabasamu kwa adabu, na mzaha ukamchoma.

Asubuhi ile Tarumbeta aliingia Chiriku akiwa bado ameshika mkono wa simu. "Habari za asubuhi, wifi," alisema. "Nzuri, wifi," Chiriku akajibu. Tarumbeta akakaa, akafungua laptopu yake, na kila mmoja akainamia la kwake.

Hospitali ilikuwa na majengo mawili, la zamani na jipya, na kila jengo lilikuwa na ruta yake ya kuelekeza mawasiliano. Ila ruta zenyewe usingeweza kuzigusa. Zilikuwa ruta pepe, hazina mwili. Ziliishi kama programu ndani ya seva moja kubwa iliyonguruma kwenye chumba cha baridi mwisho wa korido, pamoja na swichi pepe za kuunganishia mashine na nyaya pepe ambazo hata ukipiga magoti na tochi hutaziona. Ruta ya jengo la zamani, lenye maabara, ilikuwa chini ya Chiriku. Ya jengo jipya, lenye ofisi za madaktari, ilikuwa chini ya wifi yake. Wodi ya watoto ilikaa katikati, kwenye ujia unaounganisha majengo, na kwa hiyo ilijaliwa milango miwili, mmoja kwa kila ruta.

Ruta hizi hazikujitafutia njia. Ziliandikiwa kwa mkono: anayekwenda wodi fulani, apite hapa. Njia tuli, ndivyo walivyofundishwa kuziita. Njia tuli haina akili ya kujiuliza. Ukiiambia mlango uko kushoto itawapeleka watu kushoto, hata kama kushoto pamejengwa ukuta, mpaka atokee mtu aifute.

Chiriku aliingia kwenye ruta yake na kukuta mlango wa kwenda wodi ya watoto umefungwa. Kadi ya mtandao ya upande ule ilikuwa imezimika, haina hata dalili ya uhai. Kwa kawaida mtu angeinua kichwa na kusema, jamani, mlango wangu wa watoto umefungwa, kuna anayejua kitu? Lakini kitengo kile hakikuwa na kawaida hiyo, na sababu yake ilikuwa mkuu wa kitengo.

Mkuu walimwita Mzee Nani, akiwa hayupo lakini. Kitu kikiharibika, yeye hakuuliza kimetokea nini. Aliuliza nani. Nani kagusa, nani kazima, nani alikuwa wa mwisho kutoka. Hakuwa mtu katili. Alikuwa mtu aliyeamini kwamba kila hitilafu ina mwenyewe, na ukimpata mwenyewe umemaliza kazi. Ndiye aliyeweka sheria kwamba kila ruta iwe na neno la siri la mtu mmoja tu, na seva kubwa iwe na lake peke yake, ili likitokea la kutokea ajue pa kunyooshea kidole. Kwa hiyo watu wake walikuwa wamejifunza ustadi usiofundishwa chuo chochote: kurekebisha kimya kimya. Ukiona kasoro unaitibu kabla hajainusa, humwambii mtu, unakunywa chai yako.

Chiriku akatibu. Akaandika njia ya muda kwenye ruta yake: anayekwenda wodi ya watoto, apite kwa ruta ya jengo jipya. Ruta ya wifi ilikuwa na mlango wake. Pakiti zingezunguka kidogo, lakini zingefika. Akabisha hodi.

Kimya.

Akatuma pakiti ya kufuatia nyayo, ile ambayo kila ruta inayoipokea huacha jina lake kwenye skrini. Majina yakaanza kushuka. Ruta ya zamani. Ruta mpya. Ruta ya zamani. Ruta mpya. Ya zamani, mpya, ya zamani, mpya, ngazi ndefu isiyo na mwisho, mpaka pakiti ikafa kwa kuchoka, kama ilivyo kwa pakiti zote zinazozungushwa kupita kiasi.

Alichokuwa akikituma kwa wifi kilikuwa kinarudishwa kwake. Na ruta haijitungii njia, mtu ameiambia. Mtu mwenye neno la siri la ruta ile ni mmoja, na alikuwa amekaa hapo mbele yake, kipaji cha uso kimekunjamana. Wodi nyingine zote za jengo jipya zilikuwa zikiitika vizuri kupitia ruta ile ile. Ni ya watoto tu iliyokuwa inapigwa teke. Chiriku akainua macho juu ya skrini. Tarumbeta naye akainua yake. Yakakutana, na Tarumbeta akashusha mfuniko wa laptopu nusu.

Chiriku akaona kila alichoogopa kuona.

Kabla hata chupa ya chai haijafunguliwa Mzee Nani alikuwa ameshatokea mlangoni, mikono mfukoni. Jumapili usiku, alisema, alikuja mwenyewe, akahamisha mashine pepe zote, ruta zikiwemo, kutoka seva kuukuu kwenda seva mpya, peke yake, na hakuna aliyehisi hata mtikisiko. Kazi safi. Leo Jumatatu watu wameingia, na wodi ya watoto imekatika. Sasa nani? Akawatazama wawili wale, mmoja mmoja. Mikataba yao wote wawili ilikuwa inaisha mwisho wa mwezi. Akasema kikao ni Ijumaa, na kwenye kikao anataka jina. Jina hilo halitapata mkataba mpya.

"Jina moja," alisema, akaondoka.

Tangu hapo Chiriku akawa mpelelezi. Aliifuta njia yake; pakiti zikafia mlangoni kwake, kwenye kadi iliyozimika. Akairudisha, zikaanza tena kurushwa huku na huku. Akajaribu asubuhi, akajaribu wakati Tarumbeta ameenda kula, akajaribu Tarumbeta akiwa anaongea na simu, kuona kama mkono ungetikisika. Ruta mpya haikubadilika. Ilirudisha kila kitu kwa utulivu wa mtu aliyekwisha amua. Kumwuliza hakuthubutu. Ukimwuliza mtu kama yeye ndiye, na kweli ni yeye, atakuwa amejua kwamba umejua.

Majibu ya vipimo, wakati huo, yalisafiri kwa miguu. Aliyeyabeba ni fundi wa maabara, mtu mnene mwenye utani, ambaye hospitali nzima ilimwita Bwana Damu. Alipanda ngazi na mabunda ya karatasi kifuani, akashuka, akapanda tena, na kila alipopita mlango wa kitengo cha kompyuta aliingiza kichwa na kuwashukuru. Alisema amepunguza tumbo kuliko alivyowahi kushauriwa na daktari yeyote, na kwamba wakishindwa kabisa kurekebisha, wamnunulie punda. Watu walicheka. Chiriku aliyatazama majasho kwenye shingo yake, akamwazia yule mama aliyepakata mtoto mwenye homa, akaona haya mpaka masikio yakawaka.

Nyumbani mambo hayakuwa na nafuu. Jioni walikaa meza moja, mama, kaka na wao wawili, na vijiko vikaongea kuliko watu. Mama alimtazama huyu, akamtazama yule, akauliza kama kazini kuna amani. Wote wawili wakasema ipo. Kaka akajaribu kusimulia kichekesho, kikamfia mdomoni.

Jumatano, Chiriku alitoka chumbani kwake cha nyuma kwenda kuchukua nguo zake kambani. Dirisha la kaka lilikuwa wazi, jua lilikuwa bado halijazama, na alisikia sauti ya wifi yake ndani, ya chini lakini wazi.

"Asijue chochote mpaka Ijumaa ipite," Tarumbeta alisema. "Akijua sasa atavuruga kila kitu."

Kaka akaguna kitu. Chiriku hakungoja kusikia kingine. Alirudi ndani mikono mitupu, akakaa ukingoni mwa kitanda. Kwa hiyo hata kaka anajua. Walikuwa wamekaa, mtu na mumewe, wakapanga, na jina lake ndilo litakalotajwa Ijumaa. Yule aliyemfundisha kusuka nywele za mbele bila kioo. Yule aliyemshika mkono siku ya mtihani wa kuongea mbele ya watu, akamwambia, nitazame mimi, hawa wengine ni viti.

Alfajiri ya Alhamisi, akipiga mswaki, Chiriku aliona sentensi imekwisha jitengeneza kichwani: ni wifi yangu, mkuu, ruta yake inarudisha. Fupi, na ya kweli. Ushahidi alikuwa nao, ngazi ile ndefu ya majina. Akiisema, Tarumbeta amekwisha kazi, mama atajua, kaka atamtazama kwa jicho gani, na nyumba ile haitakalika. Asipoisema, mwenzake atamtaja yeye, na atakayefungasha ni yeye. Alitema povu, akasuuza mdomo, sentensi ikabaki pale pale.

Mchana akaamua, kabla ya kumharibia mtu maisha, aende akaione wodi ya watoto kwa macho yake. Labda kuna waya umeng'atwa na panya. Alikuwa anaombea panya.

Kabati la mtandao la wodi ile lilikuwa nyuma ya pazia lenye picha za tembo, karibu na sehemu ya kuchezea. Chiriku, laptopu yake kwapani, alifunua pazia, na akamkuta mtu amepiga magoti chini, tochi ya simu mdomoni, laptopu wazi sakafuni. Alikuwa wifi yake.

Wakatazamana. Tarumbeta akatoa tochi mdomoni taratibu.

"Unanifuata, wifi?"

"Nimekuja kuangalia nyaya."

"Nyaya ni nzima. Nimeshaangalia." Akasema kwa sauti kavu, na mkono wake ukaenda kwenye mfuniko wa laptopu.

Kabla hajaufunga, pazia lilifunuka tena, na sista mkuu akawa kasimama juu yao, mikono kiunoni. Aliwaambia, na watoto wote wenye kuweza kukaa wakainuka vitandani kusikiliza, kwamba amechoka. Siku zote hizi kila akiwapigia simu huyu anasema linashughulikiwa, na yule anasema linashughulikiwa, na sasa amegundua wanashughulika na pazia lake. Hawatoki humo. Akavuta viti viwili vya plastiki vya watoto, kimoja chekundu kimoja cha njano, akawakalisha kama wanafunzi waliochelewa. Wakakaa, magoti yamefika kidevuni, kila mmoja na laptopu yake wazi juu ya mapaja. Mtoto mmoja mwenye bandeji mkononi akaja kusimama mbele yao, akawatazama kwa makini, kama mkaguzi.

Viti vilikuwa vimebanana, bega kwa bega. Chiriku hakuwa na pa kuelekeza macho, yakaangukia skrini ya mwenzake.

Ilikuwa ngazi ile ile. Ruta mpya, ruta ya zamani, ruta mpya, ruta ya zamani. Tofauti ilikuwa moja tu: hii ilianzia upande wa pili. Na pembeni, kwenye karatasi ya rangi aliyoibandika Tarumbeta kwenye ukingo wa skrini, palikuwa na maneno machache kwa mwandiko wake mkubwa: *Anarudisha kwa nini?*

Chiriku alisoma maneno yale, akayasoma tena. Midomo yake ikafunguka kabla hajaipa ruhusa.

"Mimi ndiye ninayerudisha?"

"Kwani ni nani?" Tarumbeta hakumtazama. "Nikituma kwa watoto, inakuja kwako. Ikifika kwako unaitupa kwangu. Tangu Jumatatu. Nikasema sawa, kama anataka nifukuzwe, angeniambia tu."

"Ni wewe uliyeielekeza kwangu."

"Ningeielekeza wapi? Mlango wangu umefungwa. Nimeingia Jumatatu, sista kanipigia simu nikiwa njiani, nafungua ruta, kadi ya watoto imekufa. Nikasema, wa Chiriku uko wazi. Chiriku mlango wake haujawahi kuharibika hata siku moja. Nikaandika njia, wapite kwako."

Alikuwa amesema Chiriku. Labda hakujisikia.

"Wangu pia umefungwa," Chiriku alisema. "Tangu Jumatatu. Nilidhani wako ndio ulio wazi."

Mtoto mwenye bandeji akaegemea goti la Chiriku ili aone vizuri. Kwenye skrini mbili ngazi mbili zilikuwa bado zinashuka, na Chiriku akaziona sasa kwa namna nyingine kabisa: mtu amepotea usiku, anabisha kwa jirani wa kwanza, anaambiwa, mimi sina ufunguo, nenda kwa jirani yangu, yule anao. Anakwenda kwa wa pili, anaambiwa, nenda kwa jirani yangu, yule anao. Hakuna aliyemfukuza. Kila mmoja alimwelekeza kwa yule aliyemwamini. Na kwa sababu hakuna aliyefungua dirisha kumwuliza mwenzake, mgeni alizunguka mpaka akafa.

Yeye, ambaye wiki nzima alikuwa akikusanya ushahidi wa chuki, ushahidi wenyewe ulikuwa huu.

Tarumbeta ndiye aliyerudi kwenye kazi kwanza. Alisema milango miwili haiwezi kufungwa siku moja kwa bahati mbaya. Na kadi pepe haing'atwi na panya. Kadi pepe hukatika pale tu mtu anapohamisha mashine kwenda seva nyingine na kusahau kuunganisha upya waya wake pepe. Wote wawili walikuwa wanamwona Mzee Nani mlangoni, mikono mfukoni, akisifu kazi ya Jumapili usiku.

"Na neno la siri la seva analo yeye peke yake," Chiriku alisema.

"Kwa hiyo kesho akiuliza nani..." Tarumbeta alianza, akashindwa kumaliza. Pembe za mdomo zilimcheza. Hakucheka lakini.

Ijumaa, chumba cha kikao kilikuwa na joto. Walikuwepo watu wa kitengo, sista mkuu aliyejileta bila kualikwa, na Bwana Damu aliyekuja kupumzisha miguu. Mzee Nani alikaa mwisho wa meza, akapanga mikono yake, akawatazama wote.

"Nani?"

Usiku Chiriku na wifi yake hawakupanga chochote. Walikuwa wameagana tu kwa kichwa. Sasa alimwona Tarumbeta akivuta pumzi ya kuongea, na akajua kwamba Tarumbeta angeanza kwa kujitaja mwenyewe. Akasimama yeye. Kiti kikakwaruza sakafu. Akameza mate. Hawa wengine ni viti, alijiambia, akamtazama Tarumbeta peke yake, na akaongea.

Alieleza yote, kwa sauti ndogo lakini bila kukatika. Kwamba njia ya kwanza ya mzunguko aliiandika yeye, bila kumwambia mtu. Kwamba ya pili aliiandika wifi yake, bila kumwambia mtu. Kwamba kila mmoja alikuwa anajaribu kuwapitisha watoto kwa mwenzake, na kwa sababu wa huku haruhusiwi kuona ruta ya kule, walishindana wiki nzima kufanya kosa moja. Akasema angeweza kuuliza Jumatatu asubuhi, meza zinatazamana, na hakuuliza kwa sababu aliogopa swali la mkuu. Kisha akasema, na hapo sauti ikataka kumkimbia, akaishika, kwamba milango yote miwili ilikatika wakati wa kuhamia seva mpya.

Hakusema nani alihamisha. Hapakuwa na haja. Vichwa viligeuka vyenyewe, taratibu, kuelekea mwisho wa meza. Bwana Damu alikohoa kikohozi kilichofanana sana na kicheko.

Mzee Nani alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Alipoongea, wenye umri katika kitengo kile baadaye waliapa kwamba hawakuwahi kumsikia akiuliza swali la namna hiyo.

"Ilitokeaje?" alisema. "Nionyesheni."

Wakaenda chumba cha seva, yeye mbele, wao wawili nyuma. Akaandika neno lake la siri akikinga kwa kiganja, kwa mazoea. Tarumbeta akamwonyesha kwa kidole: hapa, mkuu, na hapa. Kadi mbili za wodi ya watoto, moja kwa kila ruta, zote zikining'inia hewani, hazikuunganishwa na swichi yoyote. Seva kuukuu ilikuwa na swichi pepe ya ule ujia. Kwenye mpya hakuna aliyekumbuka kuitengeneza. Mzee Nani akaitengeneza, akaunganisha ya kwanza, akaunganisha ya pili. Akasema Jumatatu atawapa maneno yote ya siri, wayagawane, na mikataba wasiwe na wasiwasi nayo. Kisha akatoka haraka, kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko linawaka.

Kila mmoja akafuta njia yake ya mzunguko. Chiriku akapiga magoti kwenye sakafu ya baridi, laptopu juu ya kasha, akabisha hodi.

Nipo, wodi ya watoto ikasema. Nipo. Nipo. Nipo.

Na hapo Tarumbeta akacheka. Kicheko chenyewe, cha bweni, kilichopenya mngurumo wa feni zote za chumba kile na kutoka koridoni. Kilipomwishia akakaa sakafuni kando ya Chiriku, akajifuta macho, akawa mtulivu.

Akasema kuna jambo alikuwa analificha mpaka kikao kipite, maana aliona Chiriku ana mzigo wa kutosha, na akilijua angedhani ni kisasi cha yale ya ruta, akavuruga kila kitu. Yeye na kaka wamepata nyumba. Si mbali. Wanahama mwisho wa mwezi.

"Nikiingia jikoni, unatoka," alisema. "Nikakaa nikawaza, labda nimekubana. Ni nyumba yenu, mimi ni mgeni. Nikaanza kukuita wifi nisije nikaonekana najishaua. Nikafunga na mlango, usije ukadhani nakuchunguza. Kwa hiyo tunahama, wifi. Utapumua."

Sawa, lilikuwa neno lililokuja ulimini mwa Chiriku. Lilikuwa limeshafika kwenye meno. Sawa, hongereni, nyumba ni jambo la heri. Lilikuwa neno zuri, na angelisema, na wangeinuka na kujifuta vumbi magotini, na kila mmoja angekwenda kunywa chai yake.

Akalimeza. Feni zilinguruma. Kwenye skrini wodi ya watoto iliendelea kuitika, mstari juu ya mstari.

"Hameni," alisema. "Ni haki yenu, na kaka anastahili nyumba yake. Lakini usiseme nitapumua." Akamtazama usoni. "Mimi nilimpa kaka mke, nikabaki sina rafiki. Sikutaka wifi, Tarumbeta. Nilikuwa nakutaka wewe."